Kitabu Ndani ya Nailoni

Tangu Tavo azikwe, mkewe Hortensia alikuwa akifanya kila kitu kama kawaida, na hilo ndilo lililowatia watu hofu. Aliamka, akachemsha kahawa, akamwagilia miche yake ya pilipili, akaenda misa, akarudi. Majirani zake katika mji wa Selma walikuwa wamejiandaa kwa kilio. Walileta maharage, tamale za unga wa mahindi na masufuria ya supu ya utumbo, wakajipanga sebuleni wakimsubiri aanze, ili nao wapate kulia kwa nafasi. Hakuanza. Aliwashukuru mmoja mmoja, akawaoshea vyombo vyao, akawarudishia vikiwa vimekaushwa kwa kitambaa. Waliondoka wamenuna kidogo, maana mtu akishabeba machozi yake kutoka nyumbani hapendi kurudi nayo.

"Tencha, we una moyo au una jiwe humo kifuani?" Delfina alimuuliza, kwa jina ambalo wote waliomjua Hortensia walimfupishia. Delfina ndiye aliyembatizia mtoto, kwa hiyo walikuwa wakiitana comadre, na hata bila ubatizo huo angeuliza tu, maana hajawahi kumeza neno tangu azaliwe.

"Sijui, comadre. Nikiupata nitakuletea uuone."

Hakuwa anatania. Ndani yake palikuwa kimya kama jikoni friji likizimika, ukashtuka kwamba kumbe muda wote lilikuwa likinguruma. Chakula alikitafuna, akakimeza, basi. Watu walipomtaja Tavo aliitikia kwa kichwa kama anayetajiwa jirani aliyehamia mji mwingine. Alijaribu kulala upande wa kitanda wa marehemu, akaona ni godoro tu, akarudi upande wake.

Zabibu zilikuwa zimeshaanikwa juu ya karatasi kati ya mistari ya mizabibu, na mji mzima ulinuka sukari iliyoungua kwa jua, siku alipofika don Plutarco Arriaga na binti yake Maribel. Don Plutarco alikuwa mzee wa kofia pana na magoti mabovu. Ndiye mwenye Dos Surcos, kampuni ya kuchapa vitabu iliyoanzia katika gereji ya nyumbani kwake enzi za migomo ya mashambani na haikutoka humo mpaka leo. Ilichapa vitabu vya watu wa bonde hili kwa Kihispania na Kiingereza pamoja, ili bibi asome na mjukuu asome, na wakigombana wagombane juu ya kitabu kimoja. Wafanyakazi wake walikuwa yeyote aliyepita karibu na gereji siku ya Jumamosi bila kisingizio. Kurasa zilipangwa mafungu mafungu kwenye meza ndefu, watu wakaizunguka wakiokota moja moja, wakabishana, wakapaka gundi, wakala. Tencha aliizunguka ile meza Jumamosi nyingi za ujana wake, akiwa na mtoto kiunoni.

Katika vitabu vyote vilivyotoka humo, kimoja kilikuwa cha mumewe. Kiliitwa *Karatasi za Zabibu*. Tavo Olguín alikuwa mchuma zabibu, kisha dereva wa trekta, kisha fundi wa pampu za maji, na katikati ya hayo yote aliandika hadithi fupifupi kwa penseli kwenye meza ya jikoni. Watu walikipenda kitabu chake kwa sababu kiliongea kama wao, kwa matusi yao, mizaha yao, na Kihispania chao kilichomeza Kiingereza mpaka hujui kipi kimembeba mwenzake mgongoni. Kilipokuja kuchapwa mara ya pili, don Plutarco alitaka shule zikinunue, na shule hazinunui matusi. Profe Anselmo Urrutia, mwalimu wa sekondari, akapewa kitabu na kalamu nyekundu. Akakiogesha, akakipiga pasi, akakifunga vifungo mpaka shingoni. Tavo alikubali. "Haya, nacho kimeenda shule," ndilo neno pekee alilosema. Lakini tangu siku hiyo hakuandika tena hata orodha ya sokoni, wala hakumsalimia Anselmo barabarani.

Don Plutarco aliketi kwenye kochi. Kochi la Tencha lilikuwa limefunikwa nailoni, na kwa joto lile alijua kwamba akitaka kuinuka atabanduka kama plasta.

"Tencha, mimi nafunga," akasema. "Macho yamekwisha, magoti yamekwisha, na mashine nayo inakohoa kuliko mimi. Kabla sijafunga nataka nikitoe kitabu cha Tavo mara moja ya mwisho. Lakini nataka kile chake mwenyewe, siyo cha Anselmo."

"Kitoe," Tencha akasema.

"Nitakitoaje na sina? Nakala zangu za kwanza niligawa zote. Karatasi alizoandika Tavo tulizifungia tamale, Mungu anisamehe. Maktaba zote alikopiga simu Maribel wanayo ile ya pili. Nisipopata ya kwanza, itabidi nichape ya pili, na ikishatoka hiyo ndiyo itakayobaki. Hakuna mtu atakayejua tena Tavo alikuwa anaongeaje."

Maribel, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kwa busara, alisema polepole, "Tumesikia wewe unayo, doña Tencha."

Kweli alikuwa nayo. Mtaa mzima ulijua anayo. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, kando ya Bikira wa Guadalupe na picha ya komunyo ya kwanza ya mwanawe, nayo imefungwa ndani ya nailoni iliyounganishwa kwa pasi ya moto pande zote. Kwetu kitu kizuri hufungwa nailoni. Kochi hufungwa, kivuli cha taa hufungwa, na kama Bikira asingesikia joto naye angefungwa. Watu walikuja, wakakitazama kitabu kupitia nailoni, wakamsifu mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kukifungua. Tencha mwenyewe hakukifungua, maana ukishakifungua si kile tena.

Alileta mkasi. Alikata nailoni bila kusita, kama anayefungua pakiti ya mchele, na Maribel akashika kifua kwa niaba yake.

Jalada lilikuwa lenyewe hasa. Toleo la kwanza la kitabu kile lilikuwa na nyuso mbili. Upande huu jina kwa Kihispania, ukikigeuza na kukipindua juu chini unakuta uso mwingine, jina kwa Kiingereza. Hakikuwa na nyuma wala mwisho, vilikuwa vitabu viwili vimelala kichwa kwa miguu kama watoto kitanda kimoja. Toleo la pili lilikuwa na uso mmoja tu, na nyuma maneno ya sifa.

"Nyuso mbili!" Maribel akaruka. "Baba, nyuso mbili! Ndiyo ya kwanza!"

Don Plutarco hakuruka. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Fungua katikati, mwanangu," akasema.

Katika toleo la kwanza, ukifika katikati maneno yanapinduka, Kihispania kinaisha na Kiingereza kinakutazama juu chini. Maribel akafungua katikati. Kihispania kilikuwa kushoto, Kiingereza kulia, vyote vimesimama wima kama askari. Akafungua mbele. Vivyo hivyo. Nyuma, vivyo hivyo. Tumbo lilikuwa la toleo la pili, limevalishwa ngozi ya la kwanza.

"Hii vipi?" Maribel akauliza.

"Majalada yalibaki," don Plutarco akasema. "Tulichapa mengi kuliko kurasa. Sasa ningeyatupa? Karatasi nzito vile, rangi mbili! Toleo la pili lilipokuja nikayatumia kwa baadhi ya nakala."

"Na moja ukaniletea mimi," Tencha akasema. "Tavo alipogawa ile yangu kwa wagomaji, wewe ukaja hapa ukasema, Tencha, nimekuwekea ya kwanza."

"Nilikuwekea ya kufungia nailoni." Mzee alijaribu kuinuka, kochi likamshika. "Tencha, niangalie. Zile za kwanza chache zilizobaki niliwapa watu wanaosoma. Wewe ulikuwa na nailoni mpaka kwenye taa! Nikasema, huyu hatafungua mpaka parapanda ilie. Nilikosea wapi?"

Hapo Tencha alipaswa kukasirika. Aliitafuta hasira kama anavyotafuta funguo kwenye mkoba, akapapasa huku na huku, haikuwepo. Akamsaidia mzee kubanduka kwenye kochi, akamwuliza kama atakunywa maji.

Wakaanza kuzunguka mtaa, maana mzee hakukumbuka tena wengine alimpa nani ipi. Kwa Delfina kulikuwa na nakala ndani ya nailoni, juu ya televisheni. Delfina alipoona mkasi alijitandaza mlangoni.

"Hunikatii! Hii ndiyo ya kwanza, aliniletea Plutarco mwenyewe kwa mkono wake!"

"Ndiyo maana nataka kuikata," Tencha akasema.

Ikakatwa. Kihispania kushoto, Kiingereza kulia. Delfina alimgeukia don Plutarco na kumwambia maneno ambayo hata Tavo asingethubutu kuyachapa, na mzee akayapokea kofia mkononi. Nyumba za nailoni zote zilikuwa hivyo hivyo. Mzee aliwapima watu wake barabara, hakukosea hata mmoja, na kila mlango alitukanwa upya.

Waliobaki ni wale waliopewa za kusoma, na hao shida yao ilikuwa kwamba walizisoma. Gundi ya don Plutarco haikuliweza joto la bonde. Kitabu kikiachwa kwenye gari mchana mmoja, kurasa zilitoka zenyewe. Cha mmoja kilizunguka kiwanda cha kukaushia zabibu mpaka kikaisha mikononi. Cha mwingine kilibaki nusu, na nusu yenyewe ni ile ya Kiingereza, iliyotafsiriwa na marehemu mama yake Maribel, mwanamke mwema aliyeogopa kutukana hata kwa lugha ya kigeni. Hiyo haikuwa sauti ya Tavo.

Maribel aliegesha gari chini ya kivuli cha duka la matairi, akazima injini.

"Kuna mtu mmoja hatujamwuliza," akasema. "Ukisahihisha kitabu, unasahihisha juu ya kitabu. Hiyo nakala yenye kalamu nyekundu iko wapi?"

"Anselmo hakunirudishia," don Plutarco akasema. Kisha akamtazama Tencha kwa kioo. "Lakini Tavo angefufuka atuzuie."

"Angefufuka ingekuwa vizuri," Tencha akasema. "Twende."

Faida ya kutohisi kitu ni kwamba unaweza kugonga mlango wowote. Katika maisha yake yote ya ndoa Tencha alivuka barabara ili asikutane na Anselmo Urrutia, kwa sababu mumewe alivuka. Sasa alisimama kibarazani kwake, akagonga, na moyo haukwenda mbio wala haukusimama.

Profe alifungua mwenyewe. Alikuwa amekonda kama ufagio, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto la kupikia tortilla.

"Doña Hortensia."

"Profe."

"Sikuingia kanisani siku ile. Nilikaa ndani ya gari, nje."

"Nililiona gari," Tencha akasema. "Tumefuata kitabu."

Hakuuliza kipi. Aliingia ndani, akarudi nacho kwenye mikono miwili. Kilikuwa na nyuso mbili, na Maribel alipofungua katikati maneno yakapinduka kama yanavyotakiwa. Lilikuwa toleo la kwanza, zima, la kweli. Isipokuwa hakukuwa na ukurasa wa Kihispania usiokuwa mwekundu. Kila sentensi ya Tavo ilikuwa imepigwa mstari, na juu yake, kwa mwandiko wa kupendeza, sentensi ya Anselmo.

"Chini ya wino inasomeka," Profe akasema, hakumtazama mtu. "Ukikisogeza dirishani inasomeka. Lakini kisitoke humu ndani, tafadhali. Fanyeni kazi yenu hapa."

Basi wakafanyia hapo, kwenye meza yake ya kulia chakula. Maribel alifungua kompyuta yake. Don Plutarco hakuwa na macho, kwa hiyo akapewa kazi ya kutosumbua. Tencha akakaa dirishani na kitabu, akasoma kwa sauti yaliyo chini ya nyekundu. Ulikuwa mchana wa kwanza maishani mwake kukisoma kitabu cha mumewe, na alikisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza ratiba ya misa. Matusi ya Tavo yalimtoka moja baada ya jingine, yale ya nyapara, yale ya punda, yale ya padri aliyebariki trekta likakataa kuwaka, bila kupepesa jicho. Maribel alikuwa akipiga chapa huku amejiuma mdomo asicheke. Profe alikuwa akienda jikoni na kurudi na kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Hii inachekesha, doña Tencha," Maribel akasema mara moja, machozi ya kicheko yamemjaa.

"Nadhani inachekesha," Tencha akakubali. "Endelea."

Walirudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka wakafika hadithi ya mwisho. Humo kijana wa shambani anakutana na msichana kwenye mizabibu, na kila mtu Selma anajua msichana ni nani. Tencha alisoma kuhusu vumbi, na gari la nyapara, na karatasi zilizotandazwa chini zikisubiri zabibu. Kisha akakisogeza kitabu karibu zaidi na dirisha.

"Vipi?" Maribel akauliza.

"Hapa hapasomeki."

Maribel akaja, akakiinua kitabu kwenye mwanga. Kwingine kote Anselmo alikuwa amepiga mstari mmoja wa kistaarabu. Hapa alikuwa amekwaruza na kukwaruza mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna herufi iliyosalimika.

"Toleo la pili linasemaje?" don Plutarco akauliza kutoka kwenye kona yake.

Maribel akaangalia. "'Nilipomwona kwa mara ya kwanza, nilivutiwa sana na uzuri wake.'"

Tencha aliijua hiyo. Watu walikuwa wakimsomea kila sikukuu ya ndoa yao, wakimkonyeza, naye alitabasamu na kukata keki. Moyoni alikuwa akiiona kama maneno ya kadi ya dukani, yale ambayo mtu humnunulia mkewe akiwa na haraka. Hakuwahi kumwambia Tavo. Alidhani hayo tu ndiyo aliyokuwa nayo ya kusema juu yake.

"Doña Tencha, jaribu kukumbuka," Maribel akasema. "Si uliwahi kuiona? Si ulikuwepo wakati wa kuzikusanya kurasa?"

"Nilikuwa naziokota, mwanangu, sikuwa nazisoma. Nina mtoto kiunoni na Plutarco ananipigia kelele." Akafikiri. "Na yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia. Tavo wa kuandika na Tavo wa nyumbani hawakuwa mtu mmoja."

Alijaribu kwa dhati. Alirudi nyuma mpaka kwenye shamba lile, akaiona mizabibu, akaliona gari la nyapara, akaangalia pale aliposimama yule kijana. Palikuwa patupu. Alijua wazi sasa kwamba alichokuwa anatafuta nyumba kwa nyumba ni hiki, na hiki ndicho kisichokuwepo.

"Basi acha ya Profe," akasema. "Iandike hiyo hiyo."

Maribel aliweka vidole kwenye kompyuta. Anselmo Urrutia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, na ni yeye aliyesema, bila kusoma popote, kwa sauti ambayo haikuwa yake ya darasani:

"'Nikamwona amechuchumaa kwenye mizabibu, uso umejaa vumbi kama mkate mtamu wa Jumapili wenye sukari juu, anamtukana nyapara kwa lugha mbili na zote hazimtoshi. Nikajiambia, Tavo, umekwisha, ndugu yangu. Jumamosi nikaenda nikanunua viatu.'"

Don Plutarco akavua kofia. Profe akaiweka sinia mezani.

"Hamna tusi hata moja hapo," Tencha akasema. "Shule wangeipokea. Kwa nini uliifuta?"

"Kwa wivu," Anselmo akasema. "Nimefundisha lugha maisha yangu yote, doña Hortensia, na sijawahi kuandika kitu kama hicho kuhusu mtu yeyote. Niliikwaruza ili nisiione tena. Sasa unaona, sikufanikiwa."

"Rudia."

Akarudia. Tencha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza injini iliyo mbali.

"Viatu," akasema. Kisha akasema tena, "Viatu! Vilikuwa vinambana! Siku nzima ya harusi alikuwa akichechemea, mama yangu akaniambia, huyo anakwenda altareni kama anayepelekwa jela, na mimi nikaamini. Miaka yote hii mimi nilijua hakutaka. Nilijua alinioa kwa adabu tu. Kumbe alivinunua mapema, mjinga yule, amevinunua kabla hata hajanisalimia, hata hakuvijaribu!"

Akaanza kulia. Hakikuwa kile kilio cha kistaarabu ambacho majirani walikuwa wamekisubiri sebuleni. Alilia kwa mdomo wazi, kamasi zikimtoka, akiipiga meza ya watu kwa kiganja, na Profe na don Plutarco, wazee wazima wawili, wakabaki wamesimama hawajui waweke wapi mikono. Uchungu wote ulimjia kwa pamoja, wa Tavo kufa na wa Tavo kuishi naye miaka yote hiyo bila yeye kujua. Maribel aliinuka amkumbatie.

Tencha akamsukuma arudi kwenye kiti.

"Andika kwanza!" akasema, akilia. "Andika kama alivyosema. Na viatu uviandike."